Ndoo inajaa kila siku na patasi bado zinashika kutu: unyevu wa karakana, mianya na insulesheni

Nilivyoanza kusumbuliwa na unyevu kwenye karakana yangu ya nyumbani nilifanya kile wengi tunachofanya, nikanunua mashine ya kukausha hewa, nikaichomeka, nikakaa kusubiri maajabu. Na kweli ndoo yake ilikuwa inajaa, asubuhi namwaga, jioni namwaga, nikawa najisifu kabisa kwamba kazi inafanyika. Mwezi haujaisha nafungua droo ya patasi nakuta madoa ya kutu, na ubao niliouunganisha wiki mbili nyuma umeshajipinda kama tandiko la baiskeli. Hapo ndo nikachukua kalkuleta, na hesabu niliyoipata ilinitia aibu kidogo.

Iko hivi. Karakana ya mita 6 kwa 5 yenye dari ya mita 3 ina mita za ujazo 90 za hewa. Hewa ya nyuzi 28 yenye unyevu wa asilimia 80 inabeba karibu gramu 22 za maji kwenye kila mita ya ujazo, na ukitaka ishuke mpaka asilimia 50 kwa joto lilelile inabidi ibaki na gramu 13 na nusu hivi. Kwa hiyo unaondoa gramu 8 na kidogo, zidisha kwa 90, unapata robo tatu ya lita. Basi! Chupa moja ya maji haijai na hewa ya chumba kizima imekauka. Sasa kama mashine inatoa lita 15 kwa siku, hayo mengine yote yanatoka wapi?

Yanatoka nje. Yanaingia yamebebwa na hewa inayopita chini ya mlango, kwenye upenyo kati ya ukuta na paa, kwenye tundu la bomba ambalo fundi aliliacha wazi akasema atarudi. Jengo lenye mianya mingi kubadilisha hewa yake yote mara moja kwa saa si jambo la ajabu, na ikibadilika hivyo ile robo tatu ya lita inarudi kila saa, kwa siku nzima zinakuwa kama lita 18. Ukiziba mpaka hewa ibadilike mara moja kwa masaa manne, unabaki na lita 4 na nusu. Mashine ni ileile, chumba kilekile, kazi imebaki robo. Mimi nilikuwa sikaushi karakana, nilikuwa najaribu kukausha mtaa mzima kwa bili yangu ya umeme.

Kabla ya kwenda kwenye kuziba tuelewane kwanza kuhusu hiyo asilimia, manake ndo inayotuchanganya. Asilimia unayoiona kwenye kipimo cha unyevu haikwambii hewa ina maji kiasi gani, inakwambia imejaa kiasi gani ukilinganisha na uwezo wake kwa joto hilo. Na uwezo unabadilika sana. Mita moja ya ujazo ya hewa kwenye nyuzi 10 inashika gramu 9 na kidogo, kwenye nyuzi 20 gramu 17, kwenye nyuzi 30 gramu 30. Yaani kila nyuzi 10 ukipanda uwezo unakaribia kuwa mara mbili. Kwa hiyo maji yaleyale bila kuongezwa hata tone, ukiyapoza asilimia inapanda, ukiyapasha asilimia inashuka.

Hili lina madhara ya moja kwa moja kwako wewe unayefungua madirisha mchana "hewa ikauke". Tuseme nje ni nyuzi 32 na kipimo kinasoma asilimia 55, unaona mbona nje ni kukavu kuliko ndani, maana ndani ni nyuzi 25 na asilimia 65. Piga hesabu: hewa ya nje ina gramu 18 na nusu hivi, ya ndani ina 15. Ukifungua umeingiza maji. Halafu usiku joto linashuka mpaka nyuzi 22, ambapo hewa ikijaa kabisa inashika gramu 19 tu, na hewa yako ya mchana bado ina zile 18 na nusu, kwa hiyo umelala na karakana yenye unyevu wa asilimia 95 na huko juu. Asubuhi unalaumu msimu. Cha kulinganisha ni gramu au kiwango cha umande, yaani lile joto ambalo hewa ikipoa mpaka hapo inaanza kudondosha maji. Baadhi ya vipimo vya kidijitali siku hizi vinaonyesha hicho kiwango, na simu yenye programu ya hali ya hewa inakupa cha nje. Kiwango cha umande cha nje kikiwa chini ya cha ndani, fungua. Kikiwa juu, funga, hata kama jua linawaka vizuri namna gani.

Na huo umande ndo unaoua vyuma. Chukua msumeno wa meza wenye meza ya chuma cha kalibu, kitu kizito, kinapoa polepole usiku na kinapata joto polepole asubuhi. Saa tatu hewa ya nje imeshafika nyuzi 27 na unyevu wa asilimia 80, kiwango chake cha umande ni kama nyuzi 23. Chuma bado kiko kwenye 21. Hewa hiyo ikiingia ikagusa chuma, chuma kinatoa jasho kama glasi ya maji baridi, na hulioni sana kwa sababu ni utando mwembamba tu, ila kutu haihitaji dimbwi. Kwa kweli chuma hakihitaji hata kulowa ndo kianze, unyevu ukikaa juu ya asilimia 60 kwa muda mrefu kutu inaanza kujipenyeza, na ikifika 80 inakimbia. Bati la paa ni hadithi hiyohiyo ila mbaya zaidi, manake usiku wenye anga safi bati linatupa joto lake juu mpaka linakuwa na baridi kuliko hewa inayolizunguka, ndo unasikia watu wanasema paa linavuja na hakuna mvua. Halivuji, linatoa jasho.

Mbao nazo zina tabia zao. Mbao iliyokaa kwenye hewa ya asilimia 50 inatulia ikiwa na maji kama asilimia 9 ya uzito wake mkavu, ukiipeleka kwenye asilimia 80 inapanda mpaka 16 hivi. Kwa ubao wa upana wa sentimita 30 uliopasuliwa kawaida, tofauti hiyo ni kama milimita 5 au 6 za kutanuka kwa upana, kulingana na aina ya mti. Droo uliyoitoshea vizuri na nafasi ya milimita 2 unadhani itafunguka?

Sasa twende kwenye kazi zenyewe, na hapa naomba usichanganye mambo mawili ambayo watu wanayachanganya kila siku. Insulesheni inazuia joto. Kuziba mianya kunazuia hewa. Sufi ya kioo, ile ya njano au ya pinki inayowasha mikono, kwa hewa ni kama chandarua, mbu hapiti ila upepo unapita kama kawaida. Nimeona watu wamejaza sufi kwenye mwanya mkubwa juu ya ukuta wakaondoka wakiamini wameziba, baada ya miaka miwili ile sufi imekuwa nyeusi pale hewa inapopita kwa sababu imegeuka filta ya vumbi. Vitu vyote viwili unavihitaji, lakini kila kimoja kina kazi yake: kuziba kunazuia maji yasiingie na hewa, insulesheni inazuia kuta, paa na vyuma visipoe mpaka chini ya kiwango cha umande, na inafanya joto la ndani lisipande na kushuka kwa fujo. Insulesheni peke yake haikaushi kitu chochote.

Kuna mfano wataalamu wa majengo wanaupenda sana kuhusu nyumba za nchi za baridi. Maji yanayopenya taratibu katikati ya ubao mzima wa jipsamu wa ukutani kwa msimu wote wa baridi ni kama theluthi ya lita. Toboa kwenye ubao huohuo tundu la sentimita 2 na nusu kwa 2 na nusu, hewa ipite humo msimu mzima, inapitisha maji kama lita 28. Kitundu cha ukubwa wa kizibo cha chupa! Ndo maana nikiwa na pesa ya jambo moja tu mwezi huu naanza na silikoni na povu la kopo, lile linalopulizwa likavimba na kugandia kwenye mwanya, sufi itasubiri.

Ila kabla ya hata silikoni, maji yenyewe kwanza, yale ya kuonekana. Kama gata imeziba na maji ya mvua yanamwagika pembeni ya msingi, kama ardhi ya nje imeinama kuelekea ukutani, kama sakafu ya zege ilimwagwa bila nailoni chini, basi kuziba mianya kutakufungia unyevu ndani na utajuta. Sakafu ni rahisi kuipima: kata nailoni ya nusu mita kwa nusu mita, ibandike kwa tepu pande zote nne, iache siku moja au mbili. Ukiinua ukakuta matone chini yake au zege limebadilika rangi likawa jeusi, maji yanapanda kutoka ardhini. Hapo kuna rangi za epoksi za kuziba zege, au kutandika nailoni nzito na kujenga sakafu ya mbao juu yake, na kuhakikisha maji ya nje yanaelekezwa mbali na msingi. Na kama zege ni jipya lipe muda, linaendelea kutoa maji kwa miezi, watu wengi wanakadiria mwezi mmoja kwa kila sentimita 2 na nusu za unene.

Kutafuta mianya ndo kazi niliyoifurahia kuliko zote, sijui kwa nini. Mchana zima taa, funga kila kitu, kaa humo dakika tano macho yazoee giza halafu angalia, mwanga wowote unaouona ni hewa inapita. Mianya iliyojikunja haionyeshi mwanga, hiyo unaitafuta kwa moshi. Weka feni dirishani ipulize kwenda nje, ziba pembeni yake kwa maboksi, funga mengine yote, kisha tembea na kijiti cha udi ukikipitisha taratibu kwenye kona, kwenye soketi, pembeni ya fremu. Moshi ukisukumwa kuja ndani, weka alama ya chaki. Mimi niliweka alama 31, na kumi na kitu zilikuwa juu pale ukuta unapokutana na paa.

Na huko juu ndo kwa kuanzia. Hewa ya joto inapanda, inatoka juu, na ikitoka lazima nyingine iingie chini kuziba pengo, kwa hiyo mwanya wa juu na mwanya wa chini ya mlango ni timu moja. Ukiziba wa juu vizuri hata wa chini unapoteza nguvu. Mwanya mdogo chini ya sentimita moja silikoni au gundi ya kuzibia inatosha, kati ya sentimita 1 na 5 tumia povu la kopo, na mkubwa zaidi kata kipande cha ubao au foamu ngumu kisha uzibe kingo zake kwa povu. Mlango uwekewe mpira pande tatu na brashi au mpira wa kushuka chini, na kama ni mlango mkubwa wa gari usitegemee miujiza, hiyo milango inavuja kwa asili yake, ukipata mipira mipya ya pembeni na wa chini umeshapata nusu ya ushindi. Mawimbi ya bati pale linapokaa juu ya ukuta yana foamu maalumu iliyokatwa kwa umbo la mawimbi, nenda na kipande cha bati lako ukilinganishe kabla hujalipa.

Lakini angalia kabla hujaziba huko juu: kama una dari na juu yake kuna nafasi ya paa yenye matundu ya kupitisha hewa, hayo matundu ni ya paa, usiyazibe. Unaziba kwenye dari. Mpaka kati ya "ndani" na "nje" uuchague wewe, uwe mmoja, na usikatike popote.

Baada ya hapo ndo insulesheni. Kwa paa la bati lisilo na dari mimi napendelea mbao za foamu ngumu, zile zenye punje zilizoshikana kabisa zisizopitisha maji, zikabanwa juu na maungio yakapigwa tepu na kingo zote zikajazwa povu. Siri iko kwenye kingo. Hewa ya ndani ikipata njia ya kuingia nyuma ya foamu itakutana na bati la baridi, itatoa jasho kulekule nyuma, na wewe huoni mpaka mbao za paa zianze kuoza. Ile karatasi ya kung'aa ya alumini nayo inasaidia sana kwa joto la jua, ila inahitaji nafasi ya hewa kama sentimita 2 mbele ya upande unaong'aa, ukiibana katikati ya vitu viwili inakuwa karatasi tu. Kuhusu unene, sentimita 5 za kwanza ndo zinazoleta mabadiliko makubwa, kila unachoongeza baada ya hapo kinasaidia lakini kidogokidogo. Afadhali sentimita 5 zisizo na pengo kuliko 15 zenye mapengo.

Foamu inashika moto, na moshi wake ni sumu. Kwenye chumba chenye cheche za grinda, vumbi la mbao na makopo ya tina usiiache wazi hata kama unaona inapendeza, ifunike kwa jipsamu. Ukiwa unachomelea vyuma humohumo chukua sufi ya mawe, hiyo haiungui, ila ukumbuke kwamba ni chandarua, inahitaji kizuizi cha hewa cha peke yake.

Swali linaloleta ubishi ni nailoni, ile ya kuzuia mvuke usiingie ukutani, iwekwe upande gani wa insulesheni. Kanuni ni upande wa joto, kwa sababu mvuke unasafiri kutoka kwenye joto na unyevu kwenda kwenye baridi. Sehemu za baridi ambako ndani kunapashwa, nailoni inakaa ndani. Sehemu za joto lenye unyevu ambako ndani kuna AC, inageuka, upande wa joto ni nje, na ukiiweka ndani umetengeneza mtego wa maji ndani ya ukuta na fangas watakushukuru. Kama hali yako iko katikati, miezi mingine hivi miezi mingine vile, ushauri wangu achana na nailoni ukutani kabisa, weka nguvu kwenye kuziba hewa na tumia vitu vinavyoweza kukauka kuelekea pande zote mbili. Na usiweke nailoni pande mbili, hata siku moja.

Karakana ikishakuwa imezibwa, mambo uliyokuwa unayafanya bila kufikiri yanabadilika. Usiwashe jenereta humo wala jiko la mkaa la kujipasha, kaboni monoksaidi haina harufu na sasa haina pa kutokea. Hita ya gesi isiyo na bomba la kutoa moshi nje ni mbaya mara mbili, kila kilo moja ya gesi inayoungua inazalisha zaidi ya kilo moja na nusu ya maji, yaani unajipasha huku unamwagilia. Mbao mbichi ni hivyohivyo: rundo ambalo likikauka kabisa lina kilo 100, kulitoa kwenye asilimia 30 mpaka 12 linaachia kilo 18 za maji hewani mwako, kwa hiyo likaukie kibandani nje kwanza. Halafu ile mashine ya kunyonya vumbi, kama bomba lake linapuliza nje na inasukuma mita za ujazo 1000 kwa saa, chumba chako cha mita 90 kinabadilisha hewa yote mara kumi na moja kwa saa. Unafuta kazi yote ya silikoni kwa swichi moja. Ama uirudishe hewa ndani kupitia filta nzuri ya vumbi jembamba, ama ukubali tu kwamba siku ya kuranda unyevu unapanda na mashine itaushusha usiku. Unapopaka vanishi usifikirie unyevu wala nini, fungua, washa feni, mapafu kwanza.

Ndo sasa mashine ya kukausha hewa inapata maana. Ilenge asilimia 45 mpaka 55. Zile za kompresa zinafanya kazi vizuri kwenye joto, ila chumba kikishuka chini ya nyuzi 15 hivi nyingi zinaanza kuganda barafu, kwa hiyo kwenye baridi tafuta ya aina ya kufyonza unyevu. Pia inatoa joto, usishangae chumba kikipanda nyuzi kadhaa. AC nayo inakausha, isipokuwa ukinunua kubwa kupita kiasi, inapoza haraka inazima kabla haijatoa maji, unabaki na chumba baridi chenye unyevu, ambacho ndo tulichokuwa tunakikimbia. Kwa droo na makabati madogo, taa ndogo yenye joto ndani inatosha, kupasha hewa kutoka nyuzi 20 mpaka 25 tu kunashusha asilimia 70 mpaka 53. Vile vifuko vya chumvi ya kalisi vinavyonyonya maji na kuyadondosha chini kwenye kopo siviweki karibu na vyuma, yale maji yakimwagika yanakula chuma kuliko unyevu wenyewe.

Na kipimo chako kipime kwanza, manake vya bei rahisi vinadanganya kwa asilimia 5 au zaidi bila haya. Weka chumvi ya jikoni kwenye kifuniko cha chupa, idondoshee maji kidogo iwe kama tope, isiyeyuke yote. Iweke pamoja na kipimo ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, acha masaa 8 au zaidi. Hewa humo ndani inatulia kwenye asilimia 75. Kipimo kikisoma 69 andika juu yake kwa kalamu "ongeza 6". Changu kimeandikwa "toa 4", na miezi yote ile nilikuwa nagombana na namba ambayo haikuwepo.